Kiraka Kilichozidi Kidole

Jambo lenyewe lilianza dogo, dogo kiasi kwamba mtu asiye fundi asingeligundua hata angelilalia. Kiraka kimoja kilikuwa kikubwa kuliko wenzake.

Zamda alikilaza juu ya meza ya kukatia, akavuta futi iliyokuwa ikining'inia shingoni mwake, akakipima. Mapatano yalikuwa inchi kumi na mbili kila upande. Hiki kilikuwa na inchi kumi na mbili na upana wa kidole. Akakigeuza, akapima upande wa pili, akakuta kidole kile kile.

"Salwa naye," alisema peke yake huku akicheka. "Kompyuta anaijua, futi imemshinda."

Akachukua mkasi, akakipunguza. Kitambaa chenyewe kilikuwa kizuri, haki ya Mungu. Rangi yake ilikuwa nyekundu iliyoiva, na pembeni kulikuwa na mistari myeupe na myeusi, kimefumwa kwa mkono zama ambazo watu hawakuwa na haraka. Mkasi ulipopita kilitoa harufu ya udi na marashi, na chini yake harufu nyingine, ya udongo uliofukuliwa sasa hivi. Zamda alikinusa tena, akashindwa kuamua kama anaipenda.

Mabaki aliyoyapunguza hakuyatupa. Fundi hatupi kitambaa. Kila kinachodondoka chini ya meza kilikuwa kinaingia kwenye mfuko wa rambo, na mfuko ukijaa unageuka mto wa kulalia. Usiku huo huo alijazia mto wa mwanawe Najat, na kipande kile chekundu kikaingia humo pamoja na vingine.

Salwa mwenyewe hakuwa amewahi kumwona. Wala hakuwa amewaona wengine, isipokuwa Tabitha. Ulikuwa upatu, ila si wa pesa. Miaka hiyo ndiyo kwanza vibanda vya intaneti vilikuwa vinafunguliwa Arusha kila kona, mlango mmoja kompyuta, mlango wa pili mitumba, na Tabitha wa Akheri, aliyekuwa akileta ndizi mjini na kuondoka na habari zote za mji, ndiye aliyemburuta Zamda mpaka ndani ya kimoja. Huko wakawapata wanawake wengine wanaopenda kushona: mmoja Mwanza, mmoja Mombasa, mmoja Maskati, Salwa wa Tanga, na wengineo, wote wanane. Kila mwezi mmoja alikuwa na zamu yake. Wenzake wote walimshonea kiraka kimoja kimoja, wakamtumia kwa mabasi na kwa posta, naye akaviunga kuwa mfarishi wa kujifunika. Kila Alhamisi Zamda na Tabitha waliketi mbele ya kompyuta moja, Tabitha akipiga herufi kwa vidole viwili, Zamda akimwambia cha kuandika, wakicheka mpaka mwenye kibanda anawatazama.

Sheria yao ilikuwa moja. Kitambaa kisinunuliwe. Kitoke kabatini kwako, na kiwe kimevaliwa na mtu wa nyumbani kwako. Sheria hiyo aliitunga Zamda mwenyewe. Alisema amechoka kurekebisha nguo za mitumba ambazo hajui aliyezivaa huko Ulaya ni nani na alikufaje. Ilipofika zamu yake aliongeza ombi: mfarishi huu ni wa Najat, kwa hiyo kila mtu anaposhona alitaje jina la mtoto juu ya kitambaa, ili kimjue.

Najat alikuwa na miaka mitano. Alikuja baada ya mimba tatu zilizotoka na baada ya ndugu wa mume kuanza kunong'ona habari za mke wa pili. Zamda alimpenda kwa namna ya mtu aliyewahi kunyang'anywa. Kila akimwona anacheka, alimshika kichwa kidogo, kama anahakikisha kipo.

Mfarishi ulikamilika mwanzoni mwa Julai, baridi ya Moshono, mtaani kwake, ikiwa imekaza na mlima haujaonekana wiki nzima kwa ukungu. Kabla ya kukiunga kiraka cha Salwa, Zamda alikipima tena kwa mazoea tu. Kilikuwa kimezidi kidole.

Alikumbuka vizuri kwamba alikipunguza. Akajiambia kwamba vitambaa vya zamani vina tabia ya kulegea, akakikata tena, akakishona pembeni, upande wa miguuni. Asubuhi ya pili alipoingia kumwamsha mtoto alikuta mfarishi umevimba sehemu ile, umejikunja, kwa sababu kiraka kimoja kilikuwa kinawasukuma wenzake. Akaufumua pale, akakata kwa mara ya tatu. Kipande hicho cha tatu alipangusia mafuta ya cherehani, na jioni alipowasha jiko la mkaa akakitumia kuchochea moto.

Kiliwaka kwa moto wa bluu. Chumbani, Najat akalia kwa ghafla, kilio kimoja tu, kisha akanyamaza.

"Nini mama?" Zamda alikimbia.

"Nimeungua."

"Wapi?"

Mtoto alijitazama mikono, akajitazama miguu. "Sijui wapi," alisema.

Tangu siku hiyo nyumba ikaanza kunuka udi. Najim, mume wa Zamda, dereva wa shamba moja la maua kule Usa River, alirudi jioni akauliza kuna mgeni gani. Hakukuwa na mgeni. Zamda hakuwa amechoma udi tangu arobaini ya mama yake. Walifungua madirisha, ukungu ukaingia, harufu ikabaki.

Kisha ikaja habari ya gauni. Lilikuwa gauni la bluu ambalo Zamda alimshonea Najat mwezi wa tano, likamfika chini kidogo ya magoti. Asubuhi hiyo lilimfika kwenye vifundo vya miguu. Zamda alifikiri amechukua gauni jingine. Akalivua, akatazama mshono wake mwenyewe, akalirudisha. Mikono ya mtoto ilipotelea ndani ya mikono ya gauni, zikabaki ncha za vidole.

Alimpima. Vipimo vya Najat alikuwa navyo kichwani kama watu wengine walivyo na sura ya Fatiha. Aliposoma futi akaanza upya kutoka utosini. Mtoto alikuwa amepungua. Hakuwa amekonda, mashavu yake yalikuwa yale yale. Alikuwa amepungua pande zote, kwa mpango, kama nguo inavyopunguzwa na fundi anayejua kazi yake.

"Watoto hawapungui urefu, mama," muuguzi wa zahanati alimwambia bila kuinua macho. "Ulipima vibaya mwanzoni."

Katika maisha yake Zamda aliwahi kukosea mambo mengi, lakini kupima hakukuwa mojawapo.

Jioni, akimvalisha nguo za kulalia, alimuuliza kwa sauti ya chini, "Najat, kuna mtu anakuja chumbani kwako?"

"Babu."

"Babu yupi? Babu zako wote walishakufa."

"Babu mrefu. Anakaa kwenye nyekundu." Mtoto alipiga miayo. "Ananipima kwa shibiri. Anaanzia hapa," akagusa utosi, "anashuka mpaka hapa. Halafu anasema bado."

"Bado nini?"

"Anasema nguo bado haijatosha."

Zamda aliuvuta mfarishi kutoka kitandani, akaukunja, akautia ndani ya sanduku la bati, akafunga kwa kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga aliyojifunga. Hakulala. Alisikiliza pumzi za Najim, akasikiliza matone ya ukungu yakidondoka kutoka kwenye bati, na katikati ya matone hayo akasikia kitu kingine, mtu anayetembea kwa uzito na bila haraka kwenye korido, hatua ambazo hazikuwa za viatu wala za miguu mitupu bali za kitu kinachoburuta nguo ndefu sakafuni, zikifika mlangoni kwa mtoto na kusimama, na kimya kilichofuata kilikuwa kirefu mno hata akajikuta anaomba hatua zianze tena, kwa sababu sasa alijua mwenye nguo ile ameshaingia. Alipopata nguvu za kuinuka na kuwasha taa, alimkuta Najat amelala juu ya sanduku la bati, shavu limegusa kufuli, meno yanagongana kwa baridi. Alipojaribu kumwondoa, mtoto alilia kwa sauti nene iliyomfanya Najim aruke kitandani.

"Mpe blanketi lake!" Najim alisema. "Huoni anaganda?"

Wakampa. Baridi ikamwisha pale pale. Zamda akatazama mfarishi kifuani mwa mwanawe. Kiraka cha Salwa, alichokishona miguuni, kilikuwa katikati.

Alfajiri alikuwa Kaloleni, kwa Mwalimu Abdulrahman, mzee mkali wa madrasa ambaye watu walimwendea kwa kisomo. Alimwamkia, akamweleza kwa haraka kwamba mtoto anaota vibaya. Haya ya kusema ukweli wote ilimfunga mdomo. Nani angesema mbele ya mzee wa watu kwamba mwanawe anapungua kama gauni? Mwalimu akamwandikia aya kwenye karatasi, akaikunja, akampa.

"Kaishonee, umvalishe. Na usome."

"Ahsante Mwalimu."

Wengine waliomwendea Mwalimu walipeleka karatasi zao kwa fundi viatu azitie ngozi. Zamda alikuwa fundi mwenyewe. Aliporudi nyumbani alitia mkono kwenye rambo, akatoa kitambaa kilichokuwa juu, akakishona kifuko haraka haraka, machozi yakimziba macho, na kabla adhana ya adhuhuri haijamalizika hirizi ilikuwa shingoni mwa Najat.

Siku tatu baadaye, viatu vya mtoto vikawa vinamvuka miguuni.

"Mama Najat, wewe huoni?" Tabitha alisema. Alikuwa amekuja na mkungu wa ndizi, lakini alipomwona mtoto ameketi kwenye kiti, miguu haifiki hata ukingoni, aliuweka chini akasahau kuuchukulia bei. Alikuwa mama wa Kilutheri asiyeogopa kitu, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwaya ya Akheri. Sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hii nyumba ina mtu. Nimemsikia nilipoingia. Nilidhani ni Baba Najat anakohoa."

"Najim yuko kazini."

"Najua. Nimekumbuka nilipofika hapa sebuleni." Zamda akamweleza yote, kuanzia kiraka kilichozidi, naye Tabitha akamgeukia. "Yule wa Tanga. Tumpigie simu. Tumuulize kile kitambaa alikitoa wapi."

Namba ya Salwa walikuwa nayo. Tabitha alikuwa na simu ya mkononi, mpya, aliyoinunua kwa hela ya kahawa na kuiringia kanisani. Salwa alipopokea alicheka kwa furaha kusikia sauti zao. Zamda alipomuuliza kuhusu kiraka, kicheko kikakatika.

"Kimefanya nini?" Salwa aliuliza.

"Niambie wewe kilikuwa cha nani."

Zamda alisikia redio ya jirani huko Tanga, kisha mlango ukifungwa.

"Dada Zamda, wewe ndiye ulisema kitoke kabatini. Kiwe cha mtu wa nyumbani." Sauti ya Salwa ilianza kupasuka. "Bibi yangu alikuwa na mzee wake. Unanielewa? Mzee wa kichwani, pepo. Ile ndiyo nguo yake. Ilikaa sandukuni peke yake, kila Alhamisi inafukizwa udi. Hakuna aliyeivaa ila mzee mwenyewe akimpanda bibi. Bibi alikufa mwaka jana. Mimi nimesoma, nafanya kazi ofisini, nikasema mambo haya yameisha. Nguo nzuri inaliwa na nondo bure. Nikakata kipande."

"Ukataja jina la mwanangu juu yake."

"Ulisema tutaje."

Zamda aliiona vizuri sheria yake, na ombi lake, na jinsi alivyojiona hodari siku aliyoitoa. Aliketi sakafuni.

"Na kwako kumekuwaje?" Tabitha aliuliza, akiinamia simu.

"Kwangu kimya," Salwa alisema. "Kimya kabisa. Nilidhani ameridhika. Kumbe amehama."

Mwalimu Abdulrahman aliposikia yote, jioni ile, alikasirika hata kilemba kikamlegea. "Ulikuja hapa ukaniambia ndoto!" Kisha akamwona Najat mgongoni mwa mama yake, amefungwa kwa kanga kama mtoto wa mwaka mmoja, na hasira ikamtoka.

"Umekata mara ngapi?" aliuliza.

"Mara tatu."

"Mwenye nguo amekatiwa nguo yake, anataka itimie. Anaijaza kwa huyu aliyetajiwa jina. Wewe unaona kitambaa kimezidi, unakata. Ulikuwa unakata nini, binti yangu?"

Zamda alielewa kabla hajamaliza kusema. Sauti iliyomtoka haikuwa ya kilio. Alijitazama mkono wa kulia, ule wa mkasi.

"Tulia. Kilichokatwa kikirudishwa, naye mtoto atarudi. Mwenye nguo aitwe na nguo yake yote, kila kipande, kishonwe mahali pake. Mabaki yako wapi?"

"Kimoja kiko kwenye mto anaolalia."

"Astaghafirullah. Na cha pili?"

Cha pili Zamda hakujua kilipo. Alikumbuka kukitia kwenye rambo. Mwalimu alinyoosha mkono kumshika Najat kichwani amsomee, vidole vyake vikagusa kamba ya shingoni, akaivuta hirizi nje ya gauni. Ilikuwa nyekundu iliyoiva, na mstari mweusi na mweupe.

"Nilikupa karatasi," Mwalimu alisema polepole. "Ukaishonea hii?" Kwa mshtuko huo, cha tatu hakuna aliyekiuliza.

Salwa, aliyepigiwa simu usiku ule ule alete nguo, alishuka Arusha kesho yake saa za alasiri, mwanamke mnene mwenye miwani, amekumbatia sanduku dogo la mninga kama mtu aliyebeba maiti ya mtoto. Hivyo ndivyo wana upatu walivyoonana kwa mara ya kwanza. Walikuwa wameahidiana kwamba siku hiyo watapika pilau. Sasa walishikana mikono tu, na Salwa hakuthubutu kumtazama Najat.

Mwalimu aliwapanga sebuleni. Ukungu ulikuwa umeziba madirisha, mchana ukawa na mwanga wa magharibi. Nguo ya mzee ilitandikwa mkekani, ndefu, na upande mmoja ina tundu la mraba. Najat alilazwa pembeni yake. Cherehani ilikatazwa. Sindano ya mkono, uzi mmoja, usikatwe mpaka kazi iishe, na nyuma asigeuke mtu. Mwalimu akatia udi kwenye chetezo, akaanza kusoma. Tabitha, aliyekaa karibu na mlango, akaanza wimbo wake wa kanisani kwa kunong'ona, na Mwalimu hakumzuia.

Zamda alikifumua kiraka kutoka kwenye mfarishi, akakishona kwenye tundu. Akapasua mto, akachambua mabaki mpaka akakipata kile cha kwanza, akakiunga. Akafumua hirizi, akambusu mtoto pale ilipokuwa, akaunga cha pili. Kitambaa kilikuwa na joto chini ya vidole vyake, joto la mwili, na kila alipochoma sindano kilijikaza kidogo kama ngozi inavyojikaza. Na nyuma yake kiti cha Najim, kile cha mbao ambacho hakuna aliyekikalia, kikalia kwa uzito wa mtu anayejiweka chini taratibu, mtu mkubwa mwenye muda, na harufu ya udongo uliofukuliwa ikamfika kisogoni pamoja na pumzi, pumzi ndefu isiyokuwa na joto, akahisi kitu kinamwinamia begani kutazama mshono kama wateja wakorofi wanavyofanya, akaendelea kuchoma na kuvuta, kuchoma na kuvuta, akijua kwamba akigeuka mara moja tu hatamaliza, na kwamba asipomaliza huyu aliyelala mkekani hatafika Ijumaa.

Wimbo wa Tabitha ukakatika. "Yesu wangu," alisema. Ukaendelea.

Zamda alifika mwisho wa upande wa tatu, akabaki na sindano mkononi. Upande wa nne ulikuwa na mwanya, upana wa kidole.

"Kimebaki kimoja," Mwalimu alisema. "Kiko wapi?"

"Nilikichoma." Sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali. "Niliwashia jiko."

Kiti kikalia.

Mwalimu alifumba macho, na Zamda akaona kwamba mzee naye anaogopa, midomo yake inatafuta neno la kusema. "Hataondoka na nguo yenye mwanya," alisema mwishowe. "Lazima apewe kingine. Kitoke kwa mtu aliyepo hapa, kwa hiari yake, na ajitaje. Cha mtoto hapana. Na atakayetoa ajue anatoa nini. Mimi siwezi kumwambia kitaishia wapi."

"Mimi ndiye niliyeanza," Salwa alisema. Alishika ukingo wa buibui lake kwa mikono miwili, akaunyoosha mbele. Kisha mikono ikarudi kifuani. Akaanza kulia. "Nina watoto, dada Zamda. Nina watoto wawili."

Zamda hakumchukia. Alijua watu wengi wangefanya hivyo, na yeye mwenyewe angefanya hivyo kwa mtoto wa mwingine. Alivuta mkasi, akashika pindo la gauni alilovaa, akakata ukanda wa upana wa kidole. Mkasi ulipita kwa urahisi.

"Hiki ni cha Zamda binti Abasi," alisema juu ya kitambaa, kama alivyowaagiza wenzake wafanye. "Natoa mwenyewe."

Akakiunga. Mshono wa mwisho ulipokaza alikata uzi kwa meno, akasubiri.

Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha kiti kikatoa mlio wa kuachiliwa, nguo ndefu ikaburuta sakafuni ikimpita karibu kabisa, na shibiri moja, baridi na pana, ikatua utosini mwake, ikashuka mpaka usoni, ikashuka shingoni, bila haraka, mpaka ikafika chini. Pazia la mlango likapepea nje wakati hakuna upepo.

Najat akafungua macho. "Mama, njaa," alisema.

Salwa aliondoka na sanduku lake asubuhi iliyofuata, na aliapa kwamba Alhamisi haitapita bila udi. Tabitha alileta kiraka kingine kwa ajili ya mfarishi, cha gauni lake la kwaya, kikakaa mahali pa kile chekundu bila kugombana na mtu. Na Najat alirudi. Alirudi polepole, kama mche unavyoinuka baada ya mvua. Viatu vikamtosha, gauni la bluu likapanda kutoka vifundoni likarudi magotini, na ilipokaribia Idi ya mwezi wa kumi na moja lilikuwa limeshakuwa fupi kwake. Zamda alimpima gauni jipya, akasoma futi mara mbili, akaketi kwenye benchi la cherehani akalia kwa sauti hadi mtoto akamcheka. Alikuwa ameongezeka. Ameongezeka kuliko alivyokuwa mwezi wa tano.

Asubuhi ya Idi nyumba zote za jirani zilinuka udi, na hilo halikuwa jambo la ajabu. Najim alikuwa nje na kanzu yake, amemshika Najat mkono, anapiga honi ya gari la kuazima.

"Mama Najat! Watu wanarudi kutoka kuswali, sisi ndiyo kwanza tunatoka!"

"Nakuja."

Zamda alivaa buibui lake, akageuka kuelekea mlangoni, akakanyaga pindo. Nusura aanguke. Akatazama chini. Lilikuwa buibui lake la miaka miwili, alilishona mwenyewe, na siku zote lilimwishia juu kidogo ya viatu. Sasa lilikuwa limelala sakafuni.

Alisikia kicheko cha Najat nje. Kisha akavuta futi, akapiga goti, akapima. Hakuhitaji kupima, alijua: mwenye nguo sasa anachukua kwake.

Mtoto wa miaka mitano ana inchi chache sana za kutoa. Mtu mzima anazo nyingi. Zamda alizihesabu kwa mawazo, akaona zinaweza kufika mbali, pengine mpaka Najat amalize shule, pengine mpaka aolewe, na moyo wake, ambao aliogopa ungepasuka, ukatulia.

Alichukua sindano. Mkasi ulikuwa pale pale mezani, akausukuma mbali. Hakukata. Alipinda pindo kwa ndani, kidole kimoja, akalishona pande zote, akaacha nafasi ya kupinda tena. Kisha akajifuta uso, akatoka nje kumshika mwanawe mkono.